Kila Mtu na Akaunti Yake: Kufungua na Kusimamia Akaunti za Linux kwa Mstari wa Amri

Kuanzia Kondele hadi Maseno, wenye saiba, makarani wa sacco na walimu wa kompyuta huniuliza maswali yale yale. Mfanyakazi mpya nitamfunguliaje akaunti? Nimemwingiza kwenye kundi, mbona mashine haimtambui? Aliyeacha kazi bado anaingia, nifanye nini? Maswali haya yameongezeka tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wengi wenye kompyuta zisizoweza kubeba Windows 11 wamehamia Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, na wamejikuta mbele ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, bila mtu wa kuwaelekeza.

Kabla ya amri yoyote, niseme jambo moja ninalolisisitiza kila ninapokwenda. Acheni kutumia akaunti moja kwa watu wote. Nimeingia ofisi nyingi Kisumu nikakuta mashine ina akaunti moja inayoitwa admin, na nywila yake imebandikwa kwenye skrini. Mwezi wa Juni, watu wanapopanga foleni kujaza ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, mashine hiyo hiyo hupokea PIN, nambari za vitambulisho na barua pepe za wateja wengi. Faili zote hukaa kwenye folda moja, wazi kwa yeyote atakayeketi. Likitokea la kutokea, huwezi kujua nani alifanya nini. Tena tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na ukishaweka taarifa za watu kwenye mashine yako, kuzilinda ni wajibu wako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Ubuntu 22.04 au 24.04, au Debian 12. Ukiwa na Fedora au Rocky, sehemu kubwa ya amri hizi zitafanya kazi, ila adduser ya huko ni useradd yenyewe kwa jina jingine, na kundi la wasimamizi huitwa wheel badala ya sudo.
- Akaunti yenye uwezo wa sudo, yaani wa kutekeleza amri kwa mamlaka ya msimamizi. Ile uliyoifungua wakati wa kuweka Ubuntu inao tayari.
- Orodha ya watu kwenye karatasi: nani anafanya kazi gani na anahitaji kufikia nini. Iandike kwanza. Mtu asiye na orodha huishia kumpa kila mtu kila kitu.
- UPS, au betri ya laptopu iliyojaa. Stima ikikatika katikati ya kuandika faili za akaunti, utalazimika kufanya usafi nitakaoueleza mwishoni.

Mifano hapa ni ya saiba yenye wafanyakazi watatu: akinyi wa kaunta, wafula anayesimamia mashine, na chebet, mwanafunzi wa atachimenti. Badilisha majina yawe ya watu wako.

Hatua ya 1: Hakikisha una mamlaka

Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T, kisha andika:

```
whoami
groups
sudo -v
```

Ya kwanza inakuambia umeingia kama nani, ya pili inaonyesha makundi yako. Ya tatu itakuomba nywila yako. Ikinyamaza baada ya hapo, mambo ni sawa. Unapoandika nywila kwenye terminali hakuna kinachoonekana, hata nyota. Kibodi haijaharibika. Andika hadi mwisho na ubonyeze Enter.

Hatua ya 2: Fungua akaunti

```
sudo adduser akinyi
```

Utaulizwa nywila mara mbili, halafu jina kamili, namba ya chumba na simu. Jaza jina kamili, mengine yaruke kwa Enter, kisha jibu Y. Ukimaliza, rudia kwa wafula na chebet. Amri hii hutengeneza folda ya nyumbani /home/akinyi, hunakili ndani yake faili za kuanzia zilizo /etc/skel, na hufungua kundi lenye jina lile lile.

Jina la akaunti liwe la herufi ndogo, lianze na herufi, lisiwe na nafasi wala apostrofi. Mwenye jina kama Nyong'o aandikwe nyongo. Majina yakigongana, na hapa Kisumu hutakosa akina Akinyi wawili kazini, ongeza herufi ya ukoo: akinyio, akinyiw. Amua mtindo mmoja ubaki nao.

Tahadhari: utakuta maelekezo mengi yanayotumia `useradd` badala ya `adduser`. Kwenye Ubuntu na Debian hizi ni amri mbili tofauti. `useradd` ikiachwa hivi hivi haitengenezi folda ya nyumbani wala haiweki nywila, na mtu huyo akijaribu kuingia kwenye skrini ya kawaida hurudishwa pale pale alipoanzia. Ukilazimika kuitumia, iandike kwa ukamilifu:

```
sudo useradd -m -s /bin/bash -c "Akinyi wa kaunta" akinyi
sudo passwd akinyi
```

Hatua ya 3: Kagua ulichofanya

```
id akinyi
getent passwd akinyi
ls -ld /home/akinyi
```

Kwa Ubuntu 24.04, `id` itatoa kitu kama hiki:

```
uid=1001(akinyi) gid=1001(akinyi) groups=1001(akinyi),100(users)
```

Akaunti za watu huanzia namba 1000. Namba 0 ni ya root, mwenye mashine. Mashine inamjua mtu kwa namba; jina ni la kutusaidia sisi. Likumbuke hilo, litakuwa na maana kubwa tutakapofika kwenye kufuta.

Kwenye Ubuntu, matokeo ya amri ya tatu yanapaswa kuanza na `drwxr-x---`, yaani wageni hawaruhusiwi kuchungulia folda ya Akinyi. Ubuntu ilianza kufanya hivyo yenyewe kwenye toleo la 21.04. Kama mashine yako iliwekwa kwa toleo la zamani kisha ikasasishwa, folda zilizokuwepo zilibaki wazi, hivyo zifunge mwenyewe:

```
sudo chmod 750 /home/akinyi
```

Usithubutu kufungua /etc/passwd au /etc/shadow kwa kihariri cha maandishi ili "kurekebisha haraka". Alama moja ya nukta mbili (:) ikikosa mahali pake, akaunti inaweza kukataa kuingia.

Hatua ya 4: Kundi na folda ya pamoja

Mahali hapa ndipo watu wengi hukwama, basi twende polepole. Wafanyakazi wanahitaji sehemu moja ya kuweka kazi za wateja, ambayo wote wanaweza kuisoma na kuiandika, lakini mteja hawezi. Fungua kundi, kisha uwaingize watu:

```
sudo addgroup kazi
sudo usermod -aG kazi akinyi
sudo usermod -aG kazi wafula
```

Iangalie vizuri herufi `a` kwenye `-aG`. Maana yake ni ongeza. Ukiandika `-G` peke yake, mtu huyo anaondolewa kwenye makundi yake yote ya ziada na kubakizwa na hilo moja ulilotaja. Ukifanya hivyo kwa akaunti yako mwenyewe unapoteza sudo, na kama hakuna msimamizi mwingine umejifungia nje. Kwa anayeogopa kusahau herufi hiyo, Ubuntu na Debian zinakubali amri hii ambayo haiondoi chochote:

```
sudo adduser akinyi kazi
```

Sasa folda yenyewe:

```
sudo apt install acl
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chgrp kazi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi
sudo setfacl -d -m g:kazi:rwX /srv/kazi
```

Ile 2 ya mbele kwenye 2770 inafanya kila faili mpya irithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeiandika. 770 inampa mwenyewe na kundi ruhusa zote na kuwanyima wengine. Mstari wa `setfacl` unahakikisha faili mpya ya Akinyi inaweza kuhaririwa na Wafula. Bila mstari huo, huenda Wafula akaisoma tu, na malalamiko yakaanza siku ya kwanza.

Jaribu bila kumsumbua mtu:

```
sudo -u akinyi touch /srv/kazi/jaribio.txt
sudo ls -l /srv/kazi
```

Ukiona `-rw-rw----+` pamoja na majina akinyi na kazi, imekaa sawa. Alama ya + mwishoni ni ya `setfacl`, usiiogope.

Waeleze wafanyakazi jambo moja: faili ikihamishwa kutoka folda ya mtu kwenda /srv/kazi, huja na ruhusa zake za zamani. Ikinakiliwa, huchukua kundi la folda mpya, ingawa faili iliyokuwa na ruhusa finyu inaweza kubaki nazo. Kwa hiyo wanakili, kisha wafute ya zamani. "Mbona faili hii moja tu haifunguki?" mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Tena, kundi jipya halionekani hadi mtu atoke kabisa kwenye akaunti na kuingia upya. Kufunga dirisha la terminali hakutoshi. Mtu akitoka na kuingia na bado hali ni ile ile, washa mashine upya.

Hatua ya 5: Nani apewe sudo

Wachache. Saiba ya watu watatu inahitaji wasimamizi wawili: wewe na mmoja wa kukushikia ukiwa safarini Nakuru au Kakamega. Mmoja pekee hatoshi, kwa sababu akisahau nywila kazi inasimama.

```
sudo usermod -aG sudo wafula
sudo -l -U wafula
```

Amri ya pili inakuonyesha ameruhusiwa nini hasa.

Watu humpa kila mfanyakazi sudo kwa sababu moja: printa. Printa inakwama, karani anahitaji kuianzisha upya, na bosi hayupo. Hilo lina dawa yake. Kwa kuongeza printa na kupanga mipangilio yake, mwingize mtu kwenye kundi la lpadmin:

```
sudo usermod -aG lpadmin akinyi
```

Kwa kuanzisha upya huduma ya kuchapa, wape kundi zima ruhusa ya amri hiyo moja tu:

```
sudo visudo -f /etc/sudoers.d/printa
```

Ndani yake andika mstari huu, uhifadhi na kutoka:

```
%kazi ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart cups
```

Sasa Akinyi anaweza kuandika `sudo systemctl restart cups` kwa nywila yake mwenyewe na hawezi zaidi ya hapo. Amri lazima iandikwe vile vile ilivyo kwenye mstari. Tumia `visudo` siku zote, kwa kuwa hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Faili ya sudoers yenye kosa inaweza kuinyima mashine nzima sudo. Jina la faili ndani ya sudoers.d lisiwe na nukta, maana faili kama printa.conf hurukwa kimya kimya. Na usiongeze `systemctl status` kwenye ruhusa hizo: matokeo yake yanaweza kufunguka ndani ya kisomaji ambacho mjuzi anaweza kukitumia kupata sheli ya root, yaani mahali pa kuandika amri yoyote kwa mamlaka yote.

Hatua ya 6: Akaunti ya wateja inayojisafisha

Kwa wenye saiba, hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mteja anaingia tovuti ya eCitizen, HELB au KUCCPS, anapakua cheti chake, anaondoka. Anayefuata asikute hata alama ya aliyemtangulia.

Fungua akaunti ya mteja, isiyo kwenye kundi la kazi wala la sudo:

```
sudo adduser mteja
```

Ingia humo mara moja, panga kivinjari kisihifadhi nywila, weka ukurasa wa mwanzo unaotaka, kisha utoke. Usiingie akaunti yako yoyote ya mtandaoni ukiwa humo. Rudi kwenye akaunti yako ya usimamizi, uhifadhi nakala safi mahali ambapo root peke yake anafika:

```
sudo apt install rsync
sudo install -d -m 700 /srv/safi
sudo cp -a /home/mteja /srv/safi/
```

Mteja akimaliza, rejesha hali safi:

```
sudo loginctl terminate-user mteja
sudo rsync -a --delete /srv/safi/mteja/ /home/mteja/
```

Mstari wa kwanza unamtoa aliyebaki ndani, na ikiwa hayumo, ujumbe utakaouona hauna madhara. Wa pili unairudisha folda kama ilivyokuwa na kufuta kila kilichoongezwa. Mikwaju (alama za /) ya mwisho, baada ya neno mteja, usiiache hata mmoja. Soma mstari mara mbili kabla ya Enter, kwa sababu `--delete` hufuta kila kitu upande wa pili ambacho hakipo upande wa kwanza, na ukikosea ukaandika /home/akinyi/, kazi yake yote imekwenda. Amri hizi mbili ziweke kwenye skripti moja ili zisiandikwe upya kila mara. Vilivyobaki /tmp huondoka mashine inapowashwa upya, basi zima mashine kila jioni.

Mwambie mteja aondoke na faili yake kwenye flashi au barua pepe. Akiondoka bila hiyo, imekwenda.

Hatua ya 7: Nywila na tarehe ya mwisho

Mpe mfanyakazi nywila ya muda, kisha umlazimishe kuibadilisha anapoingia mara ya kwanza. Hata wewe bosi usiijue nywila yake.

```
sudo passwd chebet
sudo passwd -e chebet
```

Aliyesahau nywila yake hahitaji akaunti mpya. Amri hizo hizo mbili zinamtosha. Huwezi kuiona nywila yake ya zamani, maana mashine haihifadhi nywila yenyewe bali matokeo ya hesabu yake tu.

Chebet anamaliza atachimenti tarehe 31 Agosti. Weka mwisho wa akaunti leo, usitegemee kukumbuka:

```
sudo chage -E 2026-09-01 chebet
sudo chage -l chebet
```

Tarehe unayoandika ni siku ya kwanza ya kukataliwa. Ndiyo maana nimeweka Septemba mosi. Ukiandika 31 Agosti, siku yake ya mwisho kazini hataweza kuingia. Kuongeza muda ni kurudia amri na tarehe mpya, na kuondoa kikomo ni `sudo chage -E -1 chebet`.

Hatua ya 8: Darasa zima kwa mara moja

Mwalimu mwenye wanafunzi 40 asikae kuandika adduser mara 40. Tengeneza faili wanafunzi.csv, kila mstari jina la akaunti, koma, jina kamili:

```
f2otieno,Otieno wa Kidato cha Pili
f2nekesa,Nekesa wa Kidato cha Pili
```

Kisha:

```
while IFS=, read -r jina kamili; do
  sudo adduser --disabled-password --gecos "$kamili" "$jina" </dev/null
done < wanafunzi.csv
```

Nywila zao ziweke kwenye faili nyingine, kila mstari jina, nukta mbili, nywila. Zipakie, ufute faili, kisha ulazimishe zibadilishwe:

```
sudo chpasswd < nywila.txt
shred -u nywila.txt
while IFS=, read -r jina kamili; do
  sudo passwd -e "$jina" </dev/null
done < wanafunzi.csv
```

Jaribu kwanza na mistari miwili. Kama orodha uliiandika kwenye Windows, isafishe kwa `sed -i 's/\r$//'` ikifuatwa na jina la faili. Fanya hivyo kwa faili zote mbili, kwani alama iliyofichika mwishoni mwa mstari inaweza kuingia ndani ya nywila, na hakuna mwanafunzi atakayefaulu kuingia.

Hatua ya 9: Mtu anapoondoka

Funga kwanza, ufute baadaye. Siku mtu anapoacha kazi, hata mkiagana kwa heri, fanya haya kabla hajatoka mlangoni:

```
sudo usermod -L -e 1 akinyi
sudo loginctl terminate-user akinyi
sudo crontab -u akinyi -l
```

`-L` peke yake hufunga nywila tu, na mwenye ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kutoka mbali bila nywila, bado angeingia. Ile `-e 1` ndiyo inayofunga akaunti yenyewe. Mstari wa pili unamtoa kama bado yumo ndani, na wa tatu unakuonyesha kama aliacha kazi zinazojiendesha kwa ratiba. Kumbuka kubadilisha pia nywila za vitu vya pamoja alivyovijua, Wi-Fi ikiwemo.

Akirudi, unamfungulia hivi:

```
sudo usermod -U -e "" akinyi
```

Iache imefungwa hadi uwe na hakika kwamba hakuna mteja atakayerudi kuulizia faili iliyobaki kwenye folda yake. Ukifika wakati wa kufuta, tafuta kwanza vyote alivyomiliki nje ya folda yake, kisha ufute huku ukihifadhi nakala:

```
sudo find / -xdev -user akinyi -not -path "/home/akinyi/*"
sudo install -d -m 700 /srv/akiba
sudo deluser --backup-to /srv/akiba --remove-home akinyi
```

Umuhimu wa huo msako unatokana na lile la namba. Ukimfuta Akinyi mwenye namba 1001 na faili zake zikabaki kwenye diski, mfanyakazi mpya huenda akapewa 1001 hiyo hiyo, na papo hapo anakuwa mmiliki wa faili ambazo hakuziandika. Wape wamiliki wapya kwa `chown`: `sudo chown wafula` ikifuatwa na jina la faili. Kama ulishafuta bila kutafuta, `sudo find / -xdev -nouser` itakuonyesha mayatima waliobaki, mradi namba yao haijapewa mtu mwingine.

Mambo yakikataa

*`Only root may add a user or group to the system`.* Umesahau sudo mwanzoni mwa amri.

*`wafula is not in the sudoers file`.* Hayumo kwenye kundi la sudo, au ameongezwa lakini hajatoka na kuingia upya.

*Debian inasema `adduser: command not found` ingawa umekuwa root.* Uliandika `su`. Andika `su -`, pamoja na kistari, ili upate njia kamili za root.

*Mtu anaandika nywila sahihi, skrini inameta, anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia.* Kagua mawili. La kwanza ni diski kujaa, `df -h` itakuonyesha. La pili ni folda ya nyumbani kukosekana kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa useradd tupu. Itengeneze:

```
sudo mkhomedir_helper otieno
sudo usermod -s /bin/bash otieno
```

*`user akinyi is currently used by process`, ikifuatwa na namba.* Bado ana programu zinazoendelea. Mtoe kwa `loginctl terminate-user` kama hapo juu, ungoje kidogo, urudie.

*`cannot lock /etc/passwd; try again later`.* Ama mtu mwingine anabadilisha akaunti sasa hivi, ama stima ilikatika katikati ya kazi ikaacha faili ya kufuli. Hakikisha kwanza kwamba hakuna anayefanya kazi hiyo, kisha uangalie:

```
ps aux | grep -E 'adduser|usermod|passwd'
ls -l /etc/*.lock
```

Ukikuta passwd.lock, shadow.lock, group.lock au gshadow.lock, na hakuna amri ya akaunti inayoendelea, ziondoe kwa `sudo rm` moja baada ya nyingine. Ile inayoitwa /etc/.pwd.lock ni ya kudumu, usiiguse. Baada ya hapo kagua kama faili zenyewe ni nzima:

```
sudo pwck -r
sudo grpck -r
```

Malalamiko kuhusu folda za nyumbani zisizokuwepo za akaunti za mfumo ni ya kawaida. Kama /etc/passwd yenyewe imeharibika, mfumo huweka nakala ya kabla ya badiliko la mwisho kwenye /etc/passwd-, yenye kistari mwishoni, na /etc/shadow- vivyo hivyo.

*Umejiondoa kwenye sudo na hakuna msimamizi mwingine.* Washa mashine upya, ushikilie Shift inapoanza, au bonyeza Esc kwa zinazotumia UEFI, hadi menyu ya GRUB itokee. Chagua mstari wa pili, Advanced options, kisha wenye maneno recovery mode, halafu root. Ukipata sheli:

```
mount -o remount,rw /
usermod -aG sudo jina_lako
reboot
```

Njia hii haikuombi nywila ya mtu yeyote ikiwa root haijawekewa nywila, na Ubuntu haimwekei. Maana yake, yeyote anayeweza kuketi mbele ya mashine bila kuangaliwa anaweza kufanya hivyo pia. Mashine yenye faili za wateja iweke nyuma ya kaunta, na unapoweka Ubuntu upya, chagua kusimba diski nzima kwa nywila.